Krismasi kwa Njiti za Ufagio

Padre alisema wazi kabisa, Majilio ni wakati wa kutayarisha moyo, siyo kabati. Nikaitikia amina kwa sauti mpaka mama watoto akanigeukia. Ile sura naijua. Tulipotoka tu nje akanikabidhi bahasha ya kaki. Ndani njiti za ufagio, zimekatwa, kila moja urefu wa mguu wa mtoto. "Kesho Kariakoo. Na usinirudie na kandambili."

Ndugu yangu, Kariakoo ya Desemba we iache tu. Pale Gerezani sikushuka kwenye mwendokasi, nilishushwa. Mtaa wa Kongo hakuna pa kuweka mguu. Huku mkokoteni, huku bodaboda, huku spika inapiga kelele kila kitu buku tano, ukifika unaambiwa buku tano ni zile soksi. Gauni ambalo Novemba lilining'inia bila mtu wa kuliuliza, sasa limepanda bei kama limetoka masomoni. Ukihoji, unajibiwa, "Bosi, sikukuu hii!" Bosi! Mimi ambaye ada ya Januari naiota usiku nashtuka. Soko kuu liliungua mwaka 2021, nchi nzima ikasikitika. Hela yangu inaungua pale kila Desemba na hakuna anayeita zimamoto.

Nikasema ngoja na mimi nijitwalie suruali ya kwendea misa. Machinga akanikagua, akachukua suruali, akanizungushia kiuno cha hiyo suruali shingoni. Si ndivyo tunavyopima? Ikikutana nyuma ya shingo, inakutosha. Haikukutana. Akavuta. Nikakohoa. Akavuta tena, watu wameshasimama kutazama, dada wa maji ya kandoro anacheka waziwazi. Kijana akapaza sauti kwa mwenzake ng'ambo ya barabara: "Oyaaa! Mrushie babu arobaini!" Sasa hivi tu nilikuwa bosi. Ile arobaini ikarushwa juu kwa juu, ikanitua kichwani.

Nafika kwa muuza viatu, nafungua bahasha. Njiti zote zimekatika kwenye msongamano. Kijana akaokota kipande, akakitumbukiza kwenye kiatu, akanitazama kwa huruma. "Mzee, huyu mtoto keshazaliwa kweli?" Nikanunua kwa kukadiria. Vile vya kuwaka taa, maana mtoto wa Bethlehemu alilazwa horini akatulia, ila wangu bila taa kisiginoni hatoki nje.

Mlangoni mwa duka moja nikamwona Baba Krismasi, ndevu za pamba, koti jekundu, joto la Dar lile, jasho linamchuruzika. Nikajua anagawa pipi. Nikapanga foleni na watoto wa watu. Kumbe vipeperushi vya mikopo. Nimechukua viwili.

Nyumbani viatu vyote vimebana. Mama watoto hakusema neno, na hicho ndicho kibaya. Jirani Mchaga ndo keshapanda basi kwenda Moshi, kaniachia funguo na mbwa. Nauli ya mwezi huu anaijua mwenyewe. Mbwa hanipendi.

Nimekaa kibarazani na uchovu wangu, mara hodi, mzee wa nyumba ya tatu, kofia kichwani, kisu mkononi. "Majogoo wako wapi?" Mzee huyu Krismasi haimhusu hata kidogo. Lakini kila mwaka lazima aje achinje yeye, ili pilau likiiva uani, Mkristo na Mwislamu wote wapeleke mkono kwenye sinia moja. Wala haulizi viatu. Na Idi sufuria lake linapita kwangu hata sijaomba. Padre, ule moyo uliotuhubiria anao huyu, na misa hajawahi kukanyaga.

Basi na wewe msomaji karibu. Pilau tarehe 25, saa saba mchana. Njoo na kiti chako, vyangu havitoshi. Na kama una viatu vya mtoto saizi 31, vibebe tubadilishane. Vyangu vipya kabisa, taa zinawaka.