Sifa za Bango

Wapo wanaolalamika kwamba mabango yanaliharibu jiji. Tuwasamehe. Hao hawajawahi kukwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni, kwapa la mtu puani, konda akisisitiza kuwa nyuma kuna nafasi. Ukiinua macho, juu ya paa za magari amesimama dada mwenye kimo cha ghorofa mbili. Hatoki jasho, meno yote yako kazini, mkononi ana soda inayotiririka ubaridi, naye anakutazama wewe tu. Nyumbani nani amekutazama hivyo mwaka huu?

Bango lina huruma pia. Umeme ukikatika mtaa mzima, skrini yake huwaka kwa jenereta, na mtoto wa jirani hufanya hesabu za shule kwenye mwanga wa tangazo la mikopo. Ni kweli mwarobaini uliokuwa mbele yake ulikatwa. Lakini tuseme haki: mti ulikuwa ukigawa kivuli bure, bila risiti, ilhali bango hulipiwa ada kwa ukubwa wake. Na kivuli kidogo linacho, cha kumtosha mama mmoja wa mihogo, mradi akubali kuhama na jiko lake kila jua linapohama.

Wasio na shukrani ni watu wa São Paulo, kule Brazili. Mwaka 2006 walipitisha sheria ya Jiji Safi, na kuanzia 2007 mabango yakang'olewa kwa maelfu. Wakavuna nini? Vibanda vya maskini vilivyofichwa nyuma yake vikaonekana hadharani, na wenye magari yao wakalazimika kuona watu wanavyoishi. Sisi tumesitiriwa: penye bonde la mabati yenye kutu panasimamishwa picha ya nyumba yenye bwawa la kuogelea.

Nisiwasahau wadogo, vikaratasi vya waganga kwenye nguzo za umeme. Mpenzi aliyekimbia, kesi, cheo, nyota, nguvu za kiume: vyote kwa namba moja ya simu, wakati hospitali ingekuzungusha madirisha manne kwa ajili ya kikohozi tu. Nguzo ya mtaani kwetu iliandikwa kwa rangi nyekundu, "Ni marufuku kubandika tangazo hapa." Mtaalamu wa nyota na dalali wa viwanja wameshajibandika juu ya herufi za mwanzo, na sasa inasomeka "bandika tangazo hapa".