Jinsi ya Kuuza Mwanga Mombasa Bila Kuzama Peke Yako

Anzia Mama Ngina jioni, pale Lighthouse. Nunua mihogo ya kukaanga, itiwe pilipili na ndimu, ukae utazame meli zikiingia Kilindini. Biashara unayoitaka imelala huko baharini: mkonga wa TEAMS uliofika hapa kutoka Fujairah Juni 2009, na mingine iliyoufuata. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kinachopita humo ni mwanga. Wewe unataka kuusambaza huo mwanga Tudor, Likoni na Mji wa Kale. Vyema. Sikiza basi.

Kabla ya kununua hata mita moja ya faiba, wajue washindani wako kwa majina. Utawahitaji. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata TEAMS. Waliokuwa na njia kwenye mkonga mwingine waliwahamishia wateja wao huko. Njia hizo hutafutwa mapema, na hutafutwa kwa wenzako.

Kisha jiunge na chama, ulipe ada bila kusukumwa. Ukiuliza chama kina faida gani, soma habari za TESPOK, kilichoanzishwa 1999 na watoa huduma za intaneti. Enzi hizo barua pepe ya kutoka ofisi moja hadi ofisi ya jirani iliweza kupanda satelaiti, ikafika ng'ambo, ndipo irudi, na kila safari ililipiwa. Wanachama wakajenga kituo cha kubadilishana data humu humu nchini, KIXP, mwishoni mwa 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kifungwe. Kampuni moja changa ingekunja jamvi. Hawa walikata rufaa, wakashikilia kwamba kituo ni cha wanachama wenyewe na hakivunji sheria. Februari 2002 kikarudi kazini. Kwangu mimi, ushindi ule una thamani zaidi kuliko mafunzo na makongamano yote.

Ukishaingia, dai vitu vinavyoshikika. Mtazame fundi anapounga faiba: anamenya plastiki, anapangusa kioo kwa spiriti, anakikata ncha iwe sawa kabisa, kisha cheche ya umeme inayeyusha ncha mbili ziwe kitu kimoja. Chembe ya vumbi ikiingia, mwanga unapotea pale pale. Mashine ya kuungia ni ghali. Dai chama kinunue moja ya kuazimana Pwani, na vijana wafundishwe kuitumia. Dai pia mikutano ifanywe Mombasa, wala usimwachie mkubwa wa kampuni peke yake: mpeleke fundi, aeleze anachokutana nacho mitaani.

Mji wa Kale usiuguse kivyako. Ni eneo la urithi linalolindwa kisheria, na milango na roshani zile hazikuchongwa zipigwe misumari na kila kampuni. Chama kizungumze na wahifadhi kwa niaba ya wote, mkubaliane njia moja ya kupitisha nyaya.

Halafu mchore ramani moja ya mitaro yenu yote kisiwani na kuipeleka kaunti, ili anayekuja kuchimba barabara ajue asipige sururu wapi.