Mhadhara wa Uzinduzi wa Elimu ya Siku ya Kwanza

Ndugu mgeni rasmi, ambaye ametuma udhuru; wazee wa kijiwe cha teksi; mama ntilie wetu; vijana wangu wa Mnara wa Saa; mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze kwa dakika kumi. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, na nimejiongezea ishirini, kwa kuwa mada ni nzito na aliyebobea ndani yake nchini ni mmoja tu. Wapo wanaosomea volkano, wapo wanaosomea tembo. Mimi nasomea mgeni aliyefika Arusha leo, kabla hajajua bei ya kitu chochote. Maabara yangu ni benchi lile linaloutazama Mnara wa Saa, ambao kama mlivyoambiwa tangu utotoni upo katikati kabisa ya Cairo na Cape Town. Wapo wapimaji wanaobisha. Hao hawajawahi kumpiga mtalii picha chini ya mnara wakalipwa.

Mji huu una mazoea ya kutamka mambo makubwa. Hapa lilipitishwa Azimio la Arusha, mwaka 1967. Hapa walisaini mkataba wa amani Wanyarwanda mwezi Agosti 1993, kisha Warundi mwezi Agosti 2000, Mandela akiwa msuluhishi na Bill Clinton akishuhudia. Kwa hiyo mhadhara huu msiuone mgeni. Uko nyumbani.

Tuanze na uwanja wa ndege, KIA. Uwanja ule ulifunguliwa 1971 ukapewa jina la Kilimanjaro, basi mgeni anatoka mlangoni akiamini ameshafika mlimani. Mifuko yake ya plastiki ameiacha ndani, maana tangu 1 Juni 2019 mifuko hiyo ni marufuku nchini, jambo ambalo hakulisoma popote. Sasa amekumbatia viatu, dawa ya mbu na nguo za ndani mkononi, na safari ya kilomita kama 50 hadi mjini ndiyo kwanza inaanza. Mbele yake unajitokeza mlima. "Kilimanjaro!" anapaza sauti. Dereva mwenye utu atamwambia huo ni Meru, mita 4,566, wa pili kwa urefu Tanzania. Dereva mwenye ada za watoto kulipa atasema, "Naam, bosi, piga picha." Kilimanjaro wenyewe uko kisogoni kwake, upande wa kaskazini-mashariki, umejifunika wingu. Sijui ni sebule ngapi za Ulaya zimetundika picha ya Meru kwa jina la jirani yake, na Meru haujawahi kulalamika, uungwana ambao mimi sina.

Anafika mjini kavaa suruali ya kaki yenye mifuko mpaka magotini na kofia ya kuwindia. Anakatiza Barabara ya Sokoine kati ya bajaji, guta na mama mwenye beseni la ndizi, macho yakimtafuta simba. Namlaumu John Wayne. Alikuja huku kwetu kuigiza Hatari!, filamu iliyotoka 1962, wakafukuza vifaru na twiga kwa magari, na tangu hapo dunia inadhani mtu wa Arusha akitoka kununua mkate hubeba kamba ya kunasia nyati.

Hapo sasa anaingia flaikacha, yaani kijana anayenasa watalii barabarani. Naomba simu ziwekwe kwenye mtetemo, hapa ndipo penye sayansi. Kijana anamsogelea pale njia panda ya Goliondoi, mikono mitupu, tabasamu la ndugu. "Rafiki! Umenisahau? Mimi ni mlinzi wa hoteli yako. Asubuhi ulinisalimia." Mgeni huyu asubuhi alikuwa angani. Hoteli yenyewe hajaiona. Lakini anaogopa aonekane Mzungu asiyetofautisha sura za watu weusi, basi anajibu, "Ah, ndiyo! Habari yako?"

Simameni hapo mtafakari. Bado hajatapeliwa hata senti. Amekubali tu kumkumbuka mtu asiyemjua. Yatakayofuata, yaani batiki, bangili, "kaka yangu mwenye kampuni ya safari" ambaye ofisi yake ni begi la mgongoni, yote yanatokana na adabu za mgeni mwenyewe. Nasikia baadhi ya mabwana wakubwa wa utalii wanawalaumu vijana hawa. Mimi nawaambia waende wakalaumu malezi ya Ulaya. Na ile asilimia kumi ninayopata mimi isiitwe kamisheni. Ni posho ya utafiti.

Fedha nitaipitia haraka. Mgeni amekuja na dola za zamani, zilizochapishwa 2003, alizozitunza vizuri kabisa kwenye soksi. Benki hawazitaki. Maduka ya kubadilishia fedha nayo si kama zamani: Novemba 2018 Benki Kuu iliyafanyia msako hapa mjini, wanajeshi wakisaidia, na mengi yakafungwa. Ndiyo maana mnamuona mgeni wetu saa sita mchana kwenye mashine ya tatu ya kutolea fedha, akiiomba kwa sauti ya chini.

Saa sita hiyo, lakini, yeye anaiita kumi na mbili, na hapa nina kisa kinachotosha shahada. Mgeni kakata tiketi ya basi la Dar es Salaam. Karani kamwandikia kwa kalamu ya bluu: kuondoka saa 12:00. Mgeni kalala vizuri, kanywa chai, kala mayai mawili, kafika stendi jua likiwa utosini, dakika ishirini kabla ya muda, akijisifu kwamba yeye hachelewi. Basi liliondoka alfajiri. Muda ule abiria wenzake wanakaribia Korogwe kula kuku. Akaanza kugomba. Karani akamwonyesha tiketi. Mgeni akaonyesha saa yake. Karani akaonyesha tiketi tena. Kila mmoja alikuwa na haki, na nauli ya pili ikalipwa.

Msidhani nawasema wenye pasipoti za mbali peke yao. Kuna ndugu yetu wa Dar, anayeshuka stendi mwezi wa saba na fulana ya mikono mifupi kwa sababu ramani inamwambia bado yuko Tanzania. Ramani haikumwambia kwamba yupo mita 1,400 juu ya bahari na kwamba ukungu wa Meru unaweza usiondoke mpaka saa tano. Jioni utamkuta kwenye mitumba ya Samunge akijaribu koti lililoshonwa kwa ajili ya theluji, meno yakigongana. Bei anapewa ya mgeni, maana ameuliza, "Samahani kaka, hili ni shilingi ngapi?" Chalii wa Chuga, yaani kijana wa Arusha, haombi samahani kabla ya kuuliza bei. Anaanza kwa kuitukana nguo.

Na kuna wenye mikutano, wa tai na mikoba, hasa tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki iweke makao hapa, na wale wa Mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda iliyofungwa 2015. Kituo chetu cha mikutano, AICC, kina majengo matatu: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Mjumbe anaambiwa kikao kipo Ngorongoro, saa tatu kamili. Anatoka nje na suti yake, anauliza gari la kwenda Ngorongoro. Vijana wangu hawana roho mbaya. Wanamtajia bei ya Land Cruiser, chakula cha mchana ndani yake, na ada ya kreta juu.

Wapo wageni ambao siwatanii. Mwaka 1942 walianza kuletwa Tengeru Wapolandi waliong'olewa makwao, wakapelekwa Siberia, wakapitia Iran, hadi hapa chini ya Meru. Wengi walikuwa kina mama na watoto. Walipewa vibanda vya duara karibu na Ziwa Duluti, wakalima, wakajenga shule na kanisa. Baadhi hawakuondoka tena. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo na yanatunzwa. Hao kukosa maandalizi si kosa lao. Hawakuulizwa kama wanakuja. Tuendelee.

Naona mkono kule nyuma. Kijana anauliza: na sisi tukienda kwao, inakuwaje? Swali zuri, lilikuwa ukurasa unaofuata. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande ule mwingine wa mlima, ili ardhi wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zikachomwa. Wameru wakachangishana, na 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York. Akafika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, pamoja na wakili Earle Seaton, Mbermuda aliyekuwa na ofisi Moshi. Kabla yake hakuna Mtanganyika aliyewahi kuzungumza mbele ya Umoja huo. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, ila njia ilishafunguliwa: 1955 Nyerere naye alisimama mbele ya baraza hilohilo.

Kirilo ananiharibia nadharia, na nimemchunguza sana nikitafuta pa kumshikia. Mtu wa mgombani, katika mji ule wa maghorofa, na hakupotea. Sababu ni kwamba alikuwa anajua alichokifuata. Aliyebeba kesi ya watu 3,000 humuuzii bangili. Wageni wa namna hiyo wakianza kuja Arusha kwa wingi, vijana wangu, biashara yetu imekufa, na mimi nitarudi kuuza macharari.

Maana riziki ya mji huu, kama nilivyogundua, haitokani na mlima wala tembo. Inatokana na tofauti kati ya leo na kesho ya mgeni. Leo bajaji kutoka Sanawari hadi Soko Kuu ni elfu ishirini. Kesho, akishaongea na dada wa mapokezi, ni elfu mbili, na anakusalimia "mambo vipi chalii" kana kwamba alizaliwa Ngarenaro. Tuna saa ishirini na nne za kufanya kazi. Shule zote za watoto wetu zinasubiri humo.

Mwisho wa sehemu ya kwanza. Vyeti vinatolewa pale nje, shilingi elfu kumi kwa mwenyeji. Wale wanafunzi wanne mliotoka Dar jana usiku, ninyi kwa mujibu wa kanuni ni wageni, hivyo ni elfu thelathini kila mmoja, na nawaombeni mlipe leo. Kesho mtakuwa mmeshaulizana.