Mti Mmoja, Wajuzi Mtaa Mzima

Bustani ya mtaa wetu hapa Dar es Salaam ina kibao cha makatazo. Usikanyage majani, usichome taka, usifue, usifunge mbuzi. Rangi ya kuandika yote hayo ilikuwepo. Ya kuandika jina la ule mti mwekundu, unaojaa maua kila Desemba hadi matawi hayaonekani, iliisha.

Mimi ningeendelea kuishi vizuri tu bila kulijua. Ila shemeji yangu anajenga Kibaha, kauona mti, kaupenda, na kaamua kwamba wa kumtafutia mche ni mimi. “Shemeji, wewe si mwandishi? Uliza!”

Nikauliza. Ubaya wa kuwauliza watu wa mtaani kwetu jambo wasilolijua ni kwamba watakujibu. Mzee wa bao, bila kuinua macho kwenye kete, akasema ni kibobakasi, tena magome yake yalishamtibu tumbo. Mama wa vitumbua akasema mkrismasi. Kijana wa bodaboda akatoa simu, maua yakawa juu mno, akapiga picha jani. Simu ikasema jakaranda. Maua mekundu yanatudondokea kichwani, simu inatuhubiria zambarau, na kijana akawa upande wa simu!

Ikabidi niiname mwenyewe, mtu mzima na kitambi changu, kuokota maua huku wapita njia wakidhani nimeangusha hela. Petali tano: nne nyekundu tupu, ya tano imesimama peke yake na madoa meupe, kama mjumbe aliyekuja kikaoni na shati la batiki. Matawini yananing'inia maganda marefu, magumu, ya mbegu. Kibobakasi maua yake ni vikombe, na tumba lake ukilibinya linakurushia maji. Aliyesoma shule yenye mti huo anajua. Hapa hakuna kikombe wala maji. Ni mkrismasi, asili yake Madagaska, ukoo mmoja na maharage.

“Madagaska umefika?” akauliza mzee, akasogeza kete.

Mama wa vitumbua ndiye aliyepatia, na tangu siku hiyo vitumbua vyake vimepungua ukubwa.

Nikaenda kwa wauza miche barabarani. Viriba vimejipanga, vyote na majani yale yale madogo madogo. Nikaomba mkrismasi. “Huu hapa, bosi.” Nyuma yangu mama mmoja akashusha kioo cha gari, akataka jakaranda. Muuzaji akainua kiriba cha mstari ule ule. “Huu hapa, mama.”

Nikamuuliza anaitofautishaje.

“Ikichanua, bosi, haijifichi.”

“Na itachanua lini?”

“Baada ya miaka. Inategemea na mbolea.”

Mbolea anauza yeye.