Waya Tumeuzoea, Taa Ndiyo Inatushinda

Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, huku kwetu Tabora, ilibeba nguo, shanga na waya. Waya ulikuwa fedha. Burton na Speke walipoingia Kazeh, Novemba 1857, walikuta biashara hiyo imeshachangamka, na Stanley alipofika Kwihara mwaka 1871, wapagazi wake walikuwa na mizigo ya waya mabegani. Kwa hesabu hiyo, sisi watu wa Tabora tuna uzoefu wa waya wa miaka zaidi ya 150. Nani angedhani kitaa cha ndani ya gari kingetutoa jasho?

Shemeji yangu ana Nissan Caravan inayobeba abiria kati ya mjini na Ntalikwa. Gari halina neno. Mambo yaliharibika alipoambiwa kijiweni kwamba taa za LED hazili betri. Akaing'oa balbu ya zamani, iliyokuwa ikitoa mwanga wa kutosha kumjua jirani yako ni mtu, akafunga LED nyeupe pee. Usiku wa kwanza wadaiwa wote walionekana sura. Jamaa mmoja aliteremka vituo viwili kabla ya kwake.

Haukupita muda, taa ikaanza vituko. Gari likiingia shimoni, inawaka. Barabara ikinyooka, inazima. Konda akabuni tiba: ngumi moja ya darini. Ngumi ilipochoka, ushauri ukaanza. Huyu anasema betri, yule anasema fyuzi, na bibi mmoja aliyepakata ndoo ya asali akaagiza, "Mjukuu wangu, ipige kwa huku, huko umeshaizoesha." Wakati huo nauli inakusanywa gizani, na kuna abiria aliyerudishiwa noti ya elfu kumi mahali pa elfu mbili. Huyo hajawahi kulalamikia taa mpaka leo.

Asubuhi Shemeji akaenda mjini kwa fundi. Baada ya mwangaluka na habari za nyumbani, fundi aliitazama taa bila kuigusa, akatoa hukumu: "Hii imekufa." Akauza mpya, akaifunga. Haikuwaka hata kidogo. Hapo akakuna kidevu na kusema gari zima linahitaji kubadilishwa nyaya. Shemeji aliposikia bei, alipona haraka hamu ya mwanga.

Aliyetuokoa ni kijana wa Ntalikwa anayetengeneza redio na kufunga sola. Aliitoa ile taa mpya, akaigeuza, akairudisha. Ikawaka. Balbu ya uzi haijali umeme unaingilia wapi, lakini LED ni diodi, hupitisha umeme upande mmoja tu. Ukichanganya chanya na hasi, itakaa kimya hata ukiipigia magoti.

Shangwe hazijaisha, ikazima tena. Kijana hakuhangaika. Aliufuata waya wa hasi mpaka kwenye skrubu inayouunganisha na bodi, akaifungua. Kutu tupu! Akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Malipo: shilingi elfu mbili.

"Mbona balbu ya zamani haikuwa na tabia hizi?" Shemeji akauliza, bado anamshuku.

Kijana akaeleza. Uzi wa balbu ile hubaki na moto kitambo kidogo, hivyo umeme ukikatika kufumba na kufumbua, jicho halijui. LED haina akiba hiyo: umeme ukikata, nayo inakata. Kutu ilikuwepo miaka yote, balbu ya zamani ikiisitiri kama mke mwema anavyositiri deni la mumewe. LED yenyewe ilisema kweli, ikaambulia ngumi za konda.

Basi, ndugu mwenye gari, taa yako ikipepesa usikimbilie dukani. Anza na skrubu na msasa; ikiwa mpya na haiwaki kabisa, igeuze; pochi iwe ya mwisho. Fundi anayetoa hukumu kabla ya kushika bisibisi, muage kwa heshima. Na wewe abiria, usipokee chenji gizani bila kuimulika kwa simu, maana si kila konda hukosea kwa faida yako.