Nani Aliifungua Pakiti?

"Wachapwe!" Gia alihukumu kabla hajashuka kwenye pikipiki. Wiki nzima gumzo la Kitengela ni wale vijana wa gredi ya nane waliokutwa na vifuko vya nikotini vya kubana chini ya mdomo, na kila steji ina hakimu wake. Mama Kioski akaunga mkono viboko. Mzee Ole akaongeza kwamba watoto waliharibika siku walipoacha kuchunga mbuzi.

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Gia, unataka mtoto achapwe, na wewe mwenyewe fegi imekaa nyuma ya sikio. Tunaongea kana kwamba mtoto aliota tumbaku usiku akaamka nayo. Mwaka 2013 wanafunzi wa Kenya wa miaka 13 hadi 15 waliulizwa shuleni, na karibu mmoja kati ya kumi alikuwa akitumia tumbaku ya namna fulani: wavulana asilimia 12.8, wasichana asilimia 6.7. Hao hawana mshahara wa viwanda vya EPZ. Wana chenji ya maziwa, na chenji ya maziwa hainunui pakiti, inanunua fegi moja. Kabla ya kuuliza adabu ya mtoto imekwenda wapi, tuulize nani aliifungua pakiti."

"Hapo umenitafuta," akasema Mama Kioski.

"Nimekupata. Sheria ya kudhibiti tumbaku ni ya 2007. Inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara nje ya pakiti yenye angalau 10. Kanuni za 2014 zikaleta picha za maonyo, zikabishaniwa mahakamani hadi 2019. Mawakili wamebishana miaka yote hiyo juu ya sura ya pakiti, halafu mtoto anauziwa fegi tupu, haina picha wala neno. Onyo lote linabaki kwako, Mama, na wewe huvuti."

"Na kodi ya kibanda nitalipa na onyo? Watu wa EPZ wanapita hapa alfajiri, mtu ana sarafu mbili mfukoni, anataka moja. Nikimnyima anavuka barabara ya Namanga, anauziwa na jirani."

"Ni kweli, na jirani anasema maneno hayohayo juu yako. Kibanda kimoja kikikataa peke yake kinapoteza wateja tu. Vikikataa vyote, mteja hana pa kuvukia. Usiniambie haiwezekani. Bei ya chapati ilipopanda, mtaa mzima ulikubaliana kwa usiku mmoja, wala hamkuita mkutano."

Mzee Ole alikuwa amekwisha kugongagonga kikopo chake cha ugoro. "Tumbaku ni mila. Mtu anayekuja kuposa kwetu haji mikono mitupu, analeta tumbaku. Babu zetu walikuwa wahalifu? Na wewe Mwalimu hujawahi kuchunga hata kuku."

"Afadhali kuku ambaye sikumchunga kuliko ekari ulizouza ukanunua gari lililokufia Isinya. Lakini twende na mila yako. Lini ulimwona mvulana ambaye hajatahiriwa akichomoa ugoro mbele ya baba yake? Mila iliweka umri kabla Bunge halijafikiria. Anayeitetea kikweli angekuwa wa kwanza kumfukuza mtoto kioskini. Na usijifariji, mzee: ugoro una nikotini ileile, na saratani ya kinywa haiulizi mtu wa ukoo gani."

"Ekari zilikuwa tatu tu," akanung'unika Ole.

"Mimi nilianza darasa la saba," Gia akaingilia, "na niko hapa, nabeba abiria wawili hadi Noonkopir bila kukohoa. Mwalimu, zile safari zako tatu utazilipa lini?"

"Nitazilipa utakapoacha sigara, kwa hiyo sina wasiwasi. Uliacha Januari, ukarudi kabla shule hazijafunguliwa. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Nikotini ikiingia mapema, mtu anaijua kama lugha ya mama. Watu wazima wengi wanaovuta walianza wakiwa bado vijana. Ndiyo maana vifuko vinatiwa ladha ya mnanaa na matunda. Havina moshi, havina harufu. Mama aliyezoea kunusa shati la mwanawe sasa ananusa sabuni. Na tusimtishe mtoto wa miaka 14 na saratani ya miaka 60, kwake hata 30 ni uzee. Tumwambie jambo litakalomkera: tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, wateja wanaokufa lazima warithiwe, na mrithi anayetafutwa ni yeye. Hakuna kijana anayependa kugundua kwamba amechezwa."

"Basi nitaanza Jumatatu," akasema Mama Kioski.

"Leo ni Jumanne," Mwalimu akamkumbusha.

Gia akatoa sarafu mbili, akapewa fegi moja na kiberiti cha kuazima. Mzee Ole akarudia habari ya mbuzi. Nawe mwenye kibanda, uwe Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, usingoje Jumatatu ya Mama Kioski: pakiti iuze ikiwa imefungwa, na akija mwenye sare ya shule, muuzie maziwa.