Uchachu kwa Mfuko Mwembamba

Ukitaka kuanza na bia chachu, njia ndefu ipo: panda ndege hadi Brussels, uagize lambic. Wapishi wa huko huacha maji ya shayiri na ngano yapoe usiku kucha katika beseni pana lililo wazi, yaokote hamira ya hewani, kisha huyafungia kwenye mapipa ya mbao. Ile iitwayo gueuze huchanganywa kutoka mapipa ya mwaka 1, miaka 2 na miaka 3. Naiheshimu sana kazi hiyo. Lakini miaka 3 ya pipa hulipwa na mnywaji, na wewe una nauli ya daladala tu.

Basi panda daladala. Shuka Marangu au Kibosho, miguuni pa Kilimanjaro, uulize kilabu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Usivae shati jeupe. Amkia kwanza: “Shikamoo mama” huja kabla ya swali lolote. Akishaitikia, uliza, “Mbege ni ya leo au ya jana?” Swali hilo ndilo shule yenyewe. Ya leo ni tamu na nzito, inateleza kama uji. Ya jana imechacha, inakukunja mashavu. Mgeni hupewa tamu kwa huruma. Wewe omba zote mbili, nusu kata kwa nusu kata.

Ukiwa unasubiri, tazama unachonunua. Ndizi mbivu zimechemshwa hadi zikawa na rangi ya udongo, zikaachwa siku kadhaa, zikakamuliwa na kuchujwa. Ulezi umelowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea, ukapikwa uji. Gome la msesewe limetia uchungu. Kisha vyote vimekutanishwa, na usiku mmoja umetosha kuviamsha. Hamira inageuza sukari kuwa kilevi. Bakteria wa jamii ileile inayogandisha maziwa wanatia asidi. Kwa hiyo anayeniambia mbege chachu imeharibika, namtaka kwanza akamwage mtindi wake. Upesi huo wa usiku mmoja ndio unaoishusha bei, wala si uduni wa kinywaji. Jasho la mama limo lote: kuni, maji, kusaga, kukesha. Usimwombe apunguze hata shilingi.

Kata ikifika, usipulize makapi ya ulezi yanayoelea juu. Yasukume kwa mdomo wa juu, unywe chini yake. Funda la kwanza halina hukumu. La pili tafuta ndizi, la tatu tafuta uchungu wa msesewe nyuma ya ulimi. Mbege hii hii hupelekwa kwenye posa na harusi, kwa hiyo inywe umekaa.

Sasa ujanja wa mfuko mwembamba. Nunua lita 1 ya leo, ondoka nayo kwenye dumu. Onja jioni, onja asubuhi, onja adhuhuri: umelipia pombe moja, umekunywa tatu, na ulimi umejifunza kuchacha kunakwendaje. Bakiza kikombe kimoja cha ile kali, kesho ukichanganye na mbege mpya hadi utamu na ukali vikubaliane. Ndicho wanachofanya wachanganyaji wa gueuze, ila wewe hukungoja miaka 3.

Na kifuniko cha dumu usikikaze. Bado inachemka humo ndani, na abiria wa mbele hakuomba kuonjeshwa.